Mafuta ya Nyangumi na Sifa ya Papa

Huko Changamwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta yachimbwayo ardhini. Kilianza kazi mwaka 1963, kikaacha kusafisha mwaka 2013. Lakini kabla ya mafuta ya ardhini kuenea, watu wengi walitafuta mafuta yao baharini.

Nyangumi si samaki, bali ni mnyama anyonyeshaye. Chini ya ngozi yake mna tabaka nene la mafuta limkingalo na baridi. Wavuvi walilikata vipande na kulipika, wakapata mafuta ya taa na ya sabuni. Nyangumi yule atoaye ambari ana kichwani nta iliyo majimaji. Mishumaa ya nta hiyo iliwaka vizuri hata sheria ya Uingereza ya mwaka 1860 ikaifanya kipimo cha mwangaza. Mafuta yake hayagandi upesi, kwa hiyo yalilainisha mashine. Wamarekani waliowawinda walitia nanga Unguja katika karne ya 19.

Watu wa Bahari ya Hindi walikuwa na haja nyingine, nayo ni kutunza mbao za vyombo. Abu Zayd wa Siraf, mwandishi wa karne ya 10, alieleza jinsi mafuta ya nyangumi yalivyochanganywa na vitu vingine na kupakwa vyombo. Mabaharia wa pwani hii walitumia sifa, yaani mafuta ya ini la papa. Sifa hunuka sana, lakini huingia ndani ya mbao na kuzuia maji na jua visizipasue. Sehemu iliyo majini ilipakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, kuzuia wadudu watoboao mbao.

Mwaka 1859 mafuta yalichimbwa Pennsylvania, na taa zikapata mafuta rahisi. Hata hivyo nyangumi hakupona, kwa sababu katika karne ya 20 mafuta yake yalifanywa majarini. Kilichomsaidia ni sheria: Bahari ya Hindi ilifanywa hifadhi yake mwaka 1979, na uwindaji wa biashara ukasimamishwa mwaka 1986. Leo nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Kenya kila mwaka, nao huonekana Diani na Watamu.

Papa naye hukua polepole na huzaa wachache, na aina nyingi zimepungua. Wahenga walisema, akiba haiozi. Na bahari nayo ni akiba.