Kitu cha Bandia na Tendo la Kubambikiza

Maneno ya Kiingereza yanayohusu kumpa mtu kitu cha bandia au hafifu kana kwamba ni halisi yako ya aina mbili, na kamusi nyingi huzichanganya: yako yanayokitaja kitu chenyewe, kama vile “fake” na “counterfeit”, na viko vitenzi vinavyolitaja tendo la kumtwika mtu kitu hicho, ambavyo ni “foist”, “palm off”, “fob off” na “pass off”. Aina ya kwanza ina visawe vya kutosha katika Kiswahili, yaani bandia, ghushi na feki. Lakini aina ya pili mara nyingi hufasiriwa kwa neno “kudanganya” tu, hali lugha inacho kitenzi kinachofaa zaidi, nacho ni kubambikiza.

Viwili kati ya vitenzi hivyo vilizaliwa mkononi mwa wacheza kamari. “Foist”, kilichoingia katika Kiingereza katika karne ya 16, kinatokana na neno la Kiholanzi linalohusiana na ngumi, kwa maana mchezaji laghai alikuwa akiificha dadu ya hila ndani ya mkono uliofumbwa na kuiingiza mchezoni wakati uliomfaa. “Palm off” nacho kimejengwa juu ya jina la kiganja, mahali ambapo karata hufichwa. “Fob off” kina jambo la ziada, kwani anayetendewa hivyo ni mdai anayepewa kitu hafifu au ahadi tupu ili aondoke, na kwa hiyo “kumzuga” hukifasiri vizuri zaidi kuliko kubambikiza.

“Pass off” kinastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu ni istilahi ya sheria pia, na kosa linalotajwa nacho lilijengwa na hukumu za mahakama za Uingereza, kisha likarithiwa na Kenya na Tanzania. Katika shauri la mwaka 1990 lililohusu maji ya limau yaliyouzwa katika chupa ya plastiki yenye umbo la limau, Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilieleza kwamba mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba bidhaa yake ina sifa mbele ya wanunuzi, kwamba mshindani amewapotosha wanunuzi hao kuhusu asili ya bidhaa, na kwamba upotoshaji huo umemletea au utamletea hasara. Ubora haumo katika orodha hiyo, na maji ya limau ya mshindani yalikuwa ya limau kweli. Kosa lilikuwa katika kuyavalisha sura ya mwingine.

Hapo ndipo faida ya kutenganisha kitu na tendo inapoonekana wazi, na historia ya maneno mawili inaithibitisha. Christopher Pinchbeck, mtengenezaji wa saa wa London aliyefariki mwaka 1732, alibuni mchanganyiko wa shaba na zinki wenye rangi ya dhahabu, uliowawezesha wasio matajiri kuvaa pambo la kupendeza, lakini jina lake likaja kuwa neno la kukitaja kitu cha bandia. Vivyo hivyo “shoddy”, ambalo leo humaanisha hafifu, lilikuwa jina la kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za matambara ya sufu yaliyochambuliwa upya, kazi iliyostawi Batley, kaskazini mwa Uingereza, tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Kitambaa hicho kilikuwa na matumizi yake halali. Kilichokiharibia jina ni wafanyabiashara wa Marekani ambao, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, waliwauzia askari sare zilizoshonwa kwacho, zikararuka baada ya muda mfupi.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake, kwa kuwa mtoto wa bandia anayechezewa na watoto hamdanganyi yeyote. Kubambikiza, kinyume chake, hakuwezi kutokea pasipo mtu wa kubambikizwa, na sarufi yenyewe humtia mtu huyo ndani ya kitenzi: katika “amembambikiza simu mbovu”, kiambishi cha mnunuzi hutangulia kabla simu haijatajwa, ilhali katika Kiingereza mnunuzi huyo husubiri hadi mwisho wa sentensi, nyuma ya kihusishi.