Vipande vya Kurasa na Ukamilifu wa Sentensi: Violezo vya Django katika Kiswahili

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi vipande vya kurasa vinavyotumiwa upya katika Django, na kuonyesha mahali ambapo utaratibu huo hugongana na sarufi ya Kiswahili. Django ni kiunzi cha kutengenezea tovuti kilichoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Kilianzia katika gazeti la Lawrence Journal-World, huko Kansas, Marekani, mwaka wa 2003, kikatolewa kwa umma mwaka wa 2005. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha ambazo kiunzi hicho kinazitambua; kwa hiyo suala hili si la nadharia tupu.

1. Kiolezo na Kipande

Kiolezo ni ukurasa ulioandikwa nusu: maneno yasiyobadilika yamekwisha kuwekwa, na mahali pa yale yanayobadilika pameachwa mapengo. Msomaji anapouomba ukurasa, programu huyajaza mapengo hayo na kumpelekea ukurasa uliokamilika. Tovuti ya maktaba, mathalani, yaweza kuwa na violezo 100 vyenye kichwa kile kile na anwani ile ile. Kuyanakili maneno hayo katika kila kiolezo ni kujitafutia taabu. Siku anwani itakapobadilika, violezo vyote 100 vitahitaji kusahihishwa, na yamkini kimoja kitasahauliwa.

Django huliepuka tatizo hili kwa njia tatu. Kwanza ni urithi: kiolezo-mama hubeba umbo zima la ukurasa, na violezo vinavyokirithi hujaza sehemu zilizotengwa kwa amri ya "block". Pili, amri ya "include" hukichukua kipande kilichohifadhiwa katika faili yake na kukipachika popote kinapotakiwa. Kwa kawaida kipande hicho huziona data zote za kiolezo kilichokiita. Neno "only" likiongezwa, huziona zile tu kilizokabidhiwa. Tatu, tangu toleo la 6.0 la Desemba 2025, amri ya "partialdef" humwezesha mwandishi kukipa kipande jina ndani ya faili ile ile, kisha kukiita kwa amri ya "partial" bila ya kufungua faili nyingine.

2. Pengo Ndani ya Sentensi

Maadamu kipande ni kisanduku, jedwali au kitufe, utaratibu huu hauna dosari. Mambo hubadilika pale kipande kinapobeba sentensi yenye pengo. Sehemu ya usimamizi ya Django, kwa mfano, ina sentensi moja ya Kiingereza inayoarifu kwamba kitu kimeongezwa, na jina la aina ya kitu hicho limeachiwa pengo. Kiingereza huridhika na sentensi hiyo, kwani kitenzi chake hakibadiliki nomino inapobadilika. Kiswahili hudai upatanisho wa ngeli:

Kitabu kimeongezwa.
Tangazo limeongezwa.
Picha imeongezwa.
Mwanachama ameongezwa.

Mfasiri aliyepewa pengo moja hana budi kuchagua kiambishi kimoja, na kwa kufanya hivyo huziharibu sentensi za ngeli nyingine zote. Tatizo hilo hilo huzuka katika vivumishi, kama kitabu kipya na tangazo jipya, na katika vimilikishi, kama kitabu chako na picha yako.

Wingi nao una mtego wake. Django yaweza kuchagua sentensi moja kwa umoja na nyingine kwa wingi, lakini haizijui ngeli. Isitoshe, mwandishi wa programu asipoandika wingi wa jina la aina ya kitu, Django huongeza herufi "s" mwishoni. Neno kitabu hugeuka likawa "kitabus", umbo ambalo hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayelikubali.

3. Njia za Utatuzi

Njia moja ni kulihamisha pengo kutoka nafasi ya kiima hadi nafasi ya yambwa. Badala ya "Kitabu kimeongezwa" huandikwa "Umeongeza kitabu". Hapa kitenzi hupatana na mtumiaji, ambaye nafsi yake inajulikana daima. Pengo laweza kujazwa kwa tangazo au picha bila ya kuidhuru sarufi. Hata hivyo, njia hii ina mpaka. Nomino za ngeli ya A-WA kwa kawaida hudai kiambishi cha yambwa: husemwa "Umemwongeza mwanachama", wala si "Umeongeza mwanachama".

Njia ya pili ni ya hakika zaidi. Kila aina ya kitu iandikiwe sentensi yake kamili, ya umoja na ya wingi, na sentensi hiyo nzima ndiyo ikabidhiwe kipande. Amri ya "blocktranslate" huifungia sentensi pamoja na mapengo yake, hata mfasiri akaiona yote kwa pamoja, si maneno yaliyokatwakatwa. Kipande hubaki na kazi ya kubeba kisanduku, rangi na kitufe. Ni kweli kwamba idadi ya sentensi za kufasiri itaongezeka. Lakini aina za vitu katika tovuti moja aghalabu huhesabika, na gharama hiyo ni ndogo kuliko kumlazimisha msomaji kusoma Kiswahili kilichovunjika kila siku.

4. Hitimisho

Ni dhahiri, basi, kwamba kanuni ya kutorudia maneno ina mipaka inayowekwa na lugha yenyewe. Umbo la ukurasa laweza kugawanywa vipande na kuunganishwa upya bila ya hasara. Sentensi ya Kiswahili haigawanyiki vivyo hivyo, kwa kuwa nomino huacha alama yake katika kitenzi, kivumishi na kimilikishi. Mwandishi wa programu anayeikata sentensi huwa amekwisha kumwamulia mfasiri, tena aghalabu bila ya kujua. Kwa hiyo inafaa mwanaisimu ashauriwe wakati violezo vinapoandikwa, wala si baada ya tovuti kukamilika.