"Umoja wa Fikra" Si "Fikra Mkumbo"

Miongoni mwa istilahi za elimu ya siasa zinazomtatiza mfasiri imo moja iliyobuniwa kwa Kiingereza na William H. Whyte mwaka 1952, na kupewa maana yake ya kitaalamu na mwanasaikolojia wa Marekani, Irving Janis, katika kitabu chake cha mwaka 1972. Imeundwa kwa kuunganisha neno la kundi na neno la kufikiri. Mfasiri mwenye haraka ataandika "fikra za pamoja" au "umoja wa fikra", naye atakuwa ameligeuza jina la maradhi likawa jina la siha. Kwetu umoja ni sifa, na azimio lililopitishwa "kwa kauli moja" huandikwa katika kumbukumbu za mkutano kwa fahari. Janis alikusudia hali ya watu wachache, wenye akili na wenye kupatana, ambao kila mmoja huimeza shaka yake asije akauvunja upatanifu huo.

Mfano wake mashuhuri ni Ghuba ya Nguruwe. Mwezi Aprili 1961 Rais John F. Kennedy aliidhinisha mpango wa shirika la ujasusi la nchi yake wa kuwashusha Kuba wapiganaji yapata 1,400, Wakuba waliokuwa uhamishoni, ili wamwangushe Fidel Castro. Washauri walijituliza kwamba mambo yakiharibika wapiganaji hao watakimbilia milima ya Escambray. Milima hiyo ilikuwa mbali, yapata kilomita 130, na njiani palijaa vinamasi. Ramani tu ingetosha kulionyesha hilo! Arthur Schlesinger, msaidizi wa Rais, alikwisha kumpelekea Kennedy waraka wa kuupinga mpango. Lakini vikaoni alinyamaza, na katika kitabu chake cha mwaka 1965 aliujutia ukimya huo. Katika siku tatu jeshi lile lilishindwa, na watu zaidi ya 1,100 wakatekwa.

Kisa cha Schlesinger ndicho kinachotuzuia kuikubali "undiyo-mzee", ambayo baadhi ya wasomaji wangeipendelea. Ndiyo-mzee humwogopa mkubwa wake. Huyu alikwisha kumwandikia mkubwa wake waziwazi. Alichokiogopa ni kuonekana mkorofi mbele ya wenzake. "Ukasuku" nao haufai, maana kasuku hafikiri kabisa.

Twapendekeza "fikra mkumbo", kutokana na "kufuata mkumbo". Ina upungufu mmoja: mkumbo hudokeza umati, ilhali Janis alisema juu ya watu wanaoenea meza moja. Hata hivyo inabeba lawama inayostahili, na mwalimu hatahitaji kuieleza mara mbili.

Imebaki istilahi mwenza. Wakati wa mgogoro wa makombora ya Kuba, Oktoba 1962, Kennedy alijiepusha na baadhi ya vikao ili washauri wabishane kwa uhuru. Janis naye alishauri kwamba katika kila kikao mtu mmoja apewe kazi ya kupinga. Waingereza humwita mtu huyo wakili wa shetani. Kwa Kiswahili jina hilo lingesikika kama tusi au kufuru. Sisi twaona "mpinzani wa zamu" ni bora, kwa kuwa laonyesha kwamba upinzani wake ni kazi aliyopewa na kikao, wala si tabia yake.