Vichezeo vya kuunganisha

Vichezeo vya kuunganisha ni vitu vya kuchezea ambavyo mtoto huviunda mwenyewe kwa kushikanisha vipande vidogo, na baadaye huweza kuvibomoa ili aunde kitu kingine. Vingine hutoka kiwandani, kwa mfano matofali ya plastiki ya Lego. Vingine huundwa na watoto kwa mabua, waya na makopo, kama ilivyo Kilosa, Mikumi na sehemu nyingi za Tanzania.

Matofali ya plastiki

Kampuni ya Lego ilianzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Kristiansen katika mji wa Billund, nchini Denmark. Mwanzoni ilitengeneza vichezeo vya mbao. Ombi la hataza ya tofali linalotumika hadi leo liliwasilishwa tarehe 28 Januari 1958. Juu ya tofali kuna vinundu, na ndani yake kuna mirija. Vinundu vya tofali la chini hubanwa na mirija na kuta za tofali la juu, hivyo vipande hushikamana bila gundi wala misumari. Matofali sita ya rangi moja, yenye vinundu vinane kila moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765.

Seti za kwanza za maharamia zilitolewa mwaka 1989. Mwaka 2012 ilitoka seti ya Destiny's Bounty, merikebu ambayo katika hadithi za Ninjago ilikuwa ya maharamia kabla ya kuwa chombo kinachoruka angani. Toleo kubwa la mwaka 2017 lina vipande 2,295.

Kilosa na Mikumi

Kilosa ni mji wa Mkoa wa Morogoro ulio kwenye Reli ya Kati. Mikumi, katika wilaya hiyohiyo, iko kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Malori yenye matela hupita hapo usiku na mchana, na lori ni mojawapo ya vitu ambavyo watoto hupenda kuviiga.

Mahindi yakishavunwa, mabua hubaki shambani. Mtoto humenya ganda gumu la bua na kulikata kuwa vijiti vyenye ncha. Vijiti hivyo huchomekwa katika kiini chepesi cha bua na kushika vipande pamoja. Kazi yake ni ileile ya vinundu vya tofali la plastiki. Gari la waya hudumu zaidi. Fremu yake hukunjwa kwa mkono, na magurudumu hukatwa kwenye ndala kuukuu au hutengenezwa kwa vizibo vya chupa. Usukani huwekwa kwenye waya au kijiti kirefu kinachofika hadi ekseli ya mbele, hivyo mtoto hukata kona huku akikimbia nyuma ya gari lake.

Namna ya kutathmini

Kichezeo cha kuunganisha hupimwa kwa mambo yafuatayo, kiwe cha dukani au cha nyumbani:

Uimara wa maungio. Merikebu inayoruka huinuliwa na kuyumbishwa mkononi, kwa hiyo milingoti na tanga havipaswi kuchomoka. Lori la waya nalo halina budi kustahimili mashimo ya njia.

Sehemu zinazosogea. Usukani unaogeuza magurudumu humfundisha mtoto zaidi kuliko usukani wa pambo.

Upatikanaji wa vipande. Kipande cha seti kikipotea ni lazima kitafutwe kingine cha kipimo hichohicho. Gurudumu la ndala likipotea hukatwa jingine siku hiyohiyo. Kwa upande mwingine, bua hunyauka na kuvunjika, ilhali tofali la mwaka 1958 bado hushikamana na la leo.

Usalama. Vipande vidogo havifai kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, kwani wanaweza kuvimeza na kukabwa. Ncha za waya hukunjwa kwa ndani, na kingo za makopo huweza kukata vidole.

Uhuru wa kuunda upya. Seti ya dukani huja na kitabu cha maelekezo, na mtoto anaweza kuishia kwenye picha iliyomo. Muundaji wa gari la waya hana kitabu: hutazama lori halisi, hukadiria vipimo, hujaribu na kurekebisha. Kwa kigezo hiki, bei si kipimo cha ubora wa kichezeo; seti ya gharama kubwa inayoundwa mara moja na kuwekwa kabatini humpa mtoto kazi ndogo kuliko gari la mabua linalovunjwa na kuundwa tena kila wiki.

Haki ya kucheza

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 hutambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo hutaja haki hiyo.