Bando Dogo Si Sababu ya Kuacha Kusasisha Linux

Wakazi wengi wa Kampala wamezoea kupata programu kwa flashi, kutoka kwa rafiki au fundi. Anayehamia Linux huja na mazoea hayo, ilhali Ubuntu na Debian zimeundwa vingine. Programu zao hukaa katika hazina zikiwa vifurushi, na orodha ya vifurushi hivyo hutiwa sahihi ya kidijitali. Kila kifurushi kina alama yake orodhani. Baiti moja ikibadilika njiani, APT, kisakinishi cha mifumo hiyo, hukikataa. Amri ya sudo apt update haigusi programu hata moja, huleta orodha mpya tu, na wanaoanza wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kazi yenyewe hufanywa na sudo apt upgrade. Kifurushi cha flashi kikisakinishwa moja kwa moja kwa amri ya dpkg hakipitii ukaguzi huo: unamwamini aliyekupa, basi.

Wapo watakaosema usalama huo ni wa wenye pesa. Hoja yao ni nzito, kwani tangu Julai 2021 Uganda hutoza data ushuru wa asilimia 12. RENU, mtandao wa vyuo na watafiti wa Uganda, huweka nakala za hazina za Linux humu nchini, lakini ukaribu huo huharakisha upakuaji tu. Bando la simu hukatwa vilevile. Hata hivyo, anayetumia toleo la Ubuntu la LTS (la usaidizi wa muda mrefu) hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5 bila kubadili mfumo mzima, na APT hupakua vifurushi vilivyobadilika tu. Tena, kwa kuwa sahihi hukaguliwa kwenye kompyuta yako, kifurushi kinaweza kupitia mashine yoyote bila hofu. Ndiyo maana kompyuta moja yenye programu ya apt-cacher-ng yaweza kupakua mara moja na kuhudumia maabara nzima. (Firefox ya Ubuntu tangu 22.04 haimo katika hesabu hii, maana huja kama snap, aina nyingine ya kifurushi, kutoka duka la Canonical, kampuni ya Ubuntu.) Kwa hiyo desturi ya kugawana ibaki, ila tugawane kilichokaguliwa.

Wasimamizi wa maabara za Makerere, Kyambogo na shule za sekondari, tengeni kompyuta moja kwa kazi hiyo. Hata ya zamani inatosha, bora iwe na diski kubwa.