Oili ya pikipiki ya stroki mbili: isipopungua, usifurahi



Vikundi vingine vingali na zile pikipiki ngumu za zamani, kama Yamaha AG100 na Suzuki TF125. Hizo zina injini ya stroki mbili, na baadhi ya zile za magurudumu manne pia ni hivyo. Lakini boda boda tunazoziona barabarani siku hizi nyingi ni za stroki nne. Mtu aliyezoea hizo akipewa ile nyingine, anaweza kuiua kwa siku moja bila kujua kosa lake.

Sisi tumeonja hayo. Tulimwazima kijana mmoja pikipiki ya ofisi apeleke dawa ya ng'ombe. Si mzembe huyo kijana. Kabla ya kuondoka aliangalia oili kwenye injini, akakuta imejaa, akaenda. Alipofika mlimani injini ikalia kama inasaga mawe, ikashika, gurudumu la nyuma likafunga na yeye akatupwa kando ya barabara. Tunamshukuru Mungu aliumia goti tu. Fundi alipofungua alikuta pistoni imechubuka upande mzima. Ikabidi silinda ichongwe, tununue pistoni kubwa zaidi na ringi mpya. Pesa tulizoweka za mbegu za msimu zikaishia hapo. Kumbe oili aliyoangalia ilikuwa ya gia! Ile ya injini ina tangi lake dogo pembeni, nalo lilikuwa kavu.

Kwa nini kuna oili mbili? Katika stroki nne, oili inakaa chini ya injini, inazunguka na kurudi. Katika stroki mbili haiwezi kukaa huko, kwa sababu petroli na hewa hupita kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki, ndipo zipande juu kuungua. Kwa hiyo oili lazima ije pamoja na petroli, ipake pistoni na beringi, kisha iungue na kutoka kama moshi. Hii oili haibadilishwi, inaongezwa tu. Inaisha kama chumvi jikoni.

Sasa sikieni vizuri. Mwenye boda boda akiona oili haipungui anafurahi. Hapa ni kinyume. Ukijaza petroli mara mbili au tatu na oili iko palepale, usiseme ati pikipiki yetu haili. Maana yake oili haifiki kwenye injini. Labda paipu imejikunja, labda tundu la hewa la tangi limeziba kwa vumbi, labda pampu ndogo ya oili imekufa au kebo inayotoka kwa aksileta imekatika. Usiendelee na safari hivyo. Na moshi ukikosekana kabisa asubuhi injini ikiwa baridi, shuka uangalie. Moshi kidogo wa samawati ni kawaida yake. Tumewaona watu wakipunguza oili ili moshi usiwaaibishe mbele ya kanisa; wakalipa fundi.

Kuangalia si kazi kubwa. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, zima injini, fungua kifuniko cha pembeni. Pangusa vumbi kwanza kabla ya kufungua tangi, kwa maana mchanga ukiingia unakwenda moja kwa moja kwa pampu. Fanyeni hivyo kila mnapojaza petroli, na mwenye zamu aandike katika daftari lita za petroli na oili aliyoongeza.

Tangi likiwa limekauka kabisa, kujaza peke yake hakutoshi, maana hewa imeingia kwenye paipu. Pampu ina bolti ndogo ya kutolea hewa: ilegeze mpaka oili itoke bila mapovu, kisha ukaze. Tangi la kwanza la petroli baada ya hapo lichanganyeni na oili kidogo, mpaka mwone kwamba oili ya pembeni inapungua.

Msumeno wa injini na mashine nyingi za kupulizia dawa hazina tangi la oili ya injini. Huko unachanganya mwenyewe. Kitabu cha mashine kikisema sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, ni mililita 20 kwa kila lita. Kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40. Tumieni bomba la sindano la mifugo (lisilo na sindano, na lisirudi kwa mifugo tena) wala si kifuniko cha chupa. Mimina nusu ya petroli kwenye mtungi, tia oili, tikisa, ongeza iliyobaki. Andikeni juu ya mtungi.

Nunueni oili iliyoandikwa 2T. Ile ya stroki nne haiungui vizuri, inaacha masizi kwenye plagi na ringi zinaganda. Oili iliyoandikwa TC-W3 ni ya injini za mashua zinazopozwa kwa maji. Pikipiki inapozwa kwa upepo na inachemka zaidi, kwa hiyo msiazime ya wavuvi. Ile nyeusi iliyomwagwa kutoka kwa matatu, hata kwa bure, kataa.

Oili ya gia nayo ina habari zake. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine mlipovuka mto. Ibadilisheni mara moja. Ikiwa inapungua, chini hakuna tone, na moshi umekuwa mwingi, basi sili ya krenki imekatika na injini inainyonya. Hiyo ni kazi ya fundi.

Neno moja kwa wanaokaa milimani. Ukiteremka mteremko mrefu umefunga aksileta, injini inazunguka haraka na oili inayoingia ni kidogo. Fungua aksileta kidogo kila mara. Na vidole viwili vikae juu ya klachi: injini ikianza kushika, ibane mara hiyo hiyo, gurudumu liachiliwe, usimame polepole kando ya barabara.