Pombe, Daktari na Kibali cha Usalama

Novemba 1981 kibarua aitwaye Thomas Egan aliajiriwa katika kituo cha kukarabati nyambizi za Trident huko Bremerton, jimbo la Washington, Marekani. Nyambizi hizo hubeba makombora ya nyuklia, kwa hiyo hata kibarua wa huko sharti awe na kibali cha usalama. Egan alinyimwa. Aliwahi kutiwa hatiani kwa shambulio na kwa kumiliki bunduki, tena pombe ilikuwa imemsumbua: siku 28 za mwisho za kifungo alizimalizia katika programu ya kuwaachisha watu ulevi. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu, katika kesi yake na kwa kura 5 dhidi ya 3, iliamua kwamba hakuna mwenye haki ya kudai kibali. Kila shaka huegemea upande wa usalama wa taifa, na mzigo wa kuiondoa ni wa mwombaji.

Msimamo mkali, lakini haukumfungia mlango aliyeacha pombe. Mwongozo wa kutoa vibali unaotumika sasa, ulioanza Juni 2017, una vipengele 13, na pombe ina kipengele chake, G. Haukatazi bia ya jioni. Unaogopa unywaji unaoondoa busara: kukamatwa ukiendesha gari umelewa, kupigana, kufika kazini na harufu ya pombe, kupuuza amri ya mahakama.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa rada wa kampuni inayofanyia jeshi kazi amekamatwa barabarani mara mbili, na daktari amethibitisha kuwa ana tatizo la pombe. Anafika mbele ya jaji anayesikiliza kesi za vibali, na bahasha yake: cheti cha kumaliza matibabu, karatasi za mahudhurio ya mikutano ya walevi walioacha, barua ya msimamizi wake kazini. Mkewe naye yuko tayari kutoa ushahidi. Vyote vina uzito, lakini mara nyingi kesi hugeukia swali moja: daktari alikushauri nini? Aliyeambiwa aache kabisa, kisha akanywa bia mbili harusini, amekiuka ushauri hata kama hakulewa wala kumkera mtu. Aliyeshauriwa apunguze tu anaweza kunywa kidogo na bado akapewa kibali. Kwa maoni yangu hapa mwongozo una akili, kwani unapima kama mtu hufuata alichoelekezwa, na hiyo ndiyo sifa ya mtunza siri.

Muda wa kukaa bila pombe haukuwekwa kwa tarakimu. Jaji hulinganisha miezi ya kiasi na miaka ya ulevi, na aliyewahi kutibiwa kisha akarudia chupa hutazamwa kwa jicho kali zaidi.

Wengi huharibikiwa mapema, kwenye fomu ya kuomba kibali, SF-86. Sehemu ya 24 inauliza kuhusu pombe, na mwombaji mwenye hofu huandika "hapana". Hapo tatizo la pombe, ambalo lingeweza kusameheka, linageuka uongo kwa serikali, unaohukumiwa kwa kipengele kingine na unaoweza kumfikisha mtu mahakamani. Egan naye, pamoja na mengine yote, hakutaja hukumu zake nyingine mbili za zamani zaidi alipoomba kazi.

Amri ya Rais ya mwaka 1995 inakataza mtu kuhesabiwa vibaya kwa sababu tu amepata ushauri nasaha wa afya ya akili. Kwa hiyo anayehitaji msaada na aende kwa mshauri sasa, aweke nakala za kila karatasi, na fomu aijaze kwa ukweli.